Silanga ni yetu, pesa ni zao: nitie saini?



*Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Tuala. Hapa kwetu kuna silanga ya zamani, yaani bwawa la kunyweshea mifugo, ambayo wazee huiita ziwa, maana walipokuwa wadogo haikukauka hata kiangazi. Sasa imejaa tope. Mvua ikinyesha hufurika siku chache, kisha hubaki matope na chupa za plastiki. Mwaka juzi mimi na wenzangu, wasichana kwa wavulana, tulianza kuitoa tope kila Jumamosi kwa majembe na wilbaro za kuazima. Hakuna aliyetulipa. Akina mama walikuwa wakituletea chai.*

*Mwaka huu shirika moja la ng'ambo liliona picha zetu likaja. Wanasema watatoa pesa kwa miaka 2: tingatinga la kuchimba, miche mingi, ua wa waya kuzunguka silanga yote, na posho ya shilingi 500 kwa siku kwa kila kijana. Pesa zitapitia ofisi yao ya Nairobi, wao ndio watakaochagua mkandarasi, na sisi tuvae fulana zao. Wanataka jibu mwisho wa mwezi.*

*Tangu habari zienee, mambo yameharibika. Watu ambao hatujawahi kuwaona wanataka kuandikishwa. Waliokuwa wakija bure wanauliza pesa zitaanza lini, na Jumamosi iliyopita tulikuwa wachache sana. Wazee wamenuna, wanasema watoto wa ploti wanauza maji ya ng'ombe wao kwa wazungu. Ni kweli familia yangu ilihamia hapa. Nikikataa, wenzangu hawana kazi, watanilaumu maisha yangu yote. Nikikubali, naogopa. Nifanyeje?*

*Kijana wa Tuala*

Mwanangu, usitie saini mkataba huo kama ulivyo, na wala usiukatae. Muda uliobaki unatosha kuanza jambo ambalo lilipaswa kutangulia: kukaa na wenye maji mkaamua silanga hiyo ni ya nani, na nani ataitunza mwaka wa tatu pesa zitakapokuwa zimekwisha. Mkishapata jibu la hilo, masharti mengine utajua la kuyafanya. Mkikosa, hata tingatinga bora kuliko yote litawachimbia shimo tu.

Nchi yetu ina historia ndefu ya maziwa na misaada, na vijana hawasimuliwi. Tazama Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Kuanzia miaka ya 1970 Norway ilitia fedha nyingi huko ili wafugaji waliokuwa wakipoteza mifugo kwa ukame wawe wavuvi wa biashara. Kikajengwa kiwanda cha kugandisha samaki kilichogharimu takriban dola milioni 22. Kilifanya kazi siku chache, kikafungwa. Kuendesha majokofu katika joto lile kulitaka umeme na maji safi kwa gharama ambayo samaki wale hawakuweza kuirudisha. Katikati ya miaka ya 1980 ziwa likarudi nyuma, na Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa na samaki tele, ikakauka. Watu walioacha ng'ombe wakashika nyavu wakakosa hiki na kile. Halafu Oktoba 1990 serikali yetu ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway kwa sababu ya kesi ya mpinzani wa serikali Koigi wa Wamwere, na misaada ikasimama. Nairobi na Oslo ziligombana, na hakuna aliyemuuliza mvuvi wa Kalokol.

Siamini kwamba watu wa Norway walikuja kwa nia mbaya. Barabara ya Kitale hadi Lodwar waliyoisaidia iliwafaa watu kwa miaka mingi. Kasoro ilikuwa kwamba swali la nani atalipa gharama za kila siku halikuwa na jibu pale Kalokol kwenyewe. Jibu lilikuwa mbali, na lilipoondoka halikuaga.

Usidhani hayo ni ya kale. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Uingereza nayo ilitangaza mwezi Februari mwaka huo kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Kwa hiyo mkataba wako wa miaka 2 unaweza kukatizwa na uamuzi wa watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Tuala. Waulize wageni wako kwa maandishi: fedha zikikatwa katikati, nani atamaliza kilichoanzwa? Silanga iliyochimbuliwa nusu, kingo zake zimesimama wima na katikati ni kina kirefu, ni hatari kuliko iliyojaa tope. Watoto na ndama huzama humo.

Mfano mwingine uko mlangoni pako. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba wa Kitengela ili wasizungushe ua, wasikate ardhi vipande, na wawaachie nyumbu na punda milia njia ya kutoka Mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za Kaputiei. Malipo yalikuwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, yakitolewa kwa awamu 3, wakati wazazi wanapotafuta karo. Mpango huo ulikuwa na busara nyingi, na familia nyingi zilijiunga. Lakini dola 4 zilishindana na bei ya ploti iliyokuwa ikipanda kila kukicha, na mfuko wake ulitegemea wahisani. Simama leo kati ya Tuala na Kitengela uhesabu nyua za waya na mabati, utajua mwisho wake. Hata hivyo kuna jambo ambalo waliouanzisha walilifanya sawasawa: walijua ardhi ni ya nani. Kila malipo yalikuwa na jina la mwenye shamba na idadi ya ekari zake.

Je, wewe unajua silanga hiyo iko kwenye ardhi ya nani? Barua yako haikuligusa hilo, na ndilo linalonitia hofu kuliko mengine yote. Shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa miaka ya 1980, kila familia ikachukua hati yake. Ugawaji wa namna hiyo huacha silanga nyingine mikononi mwa umma, na nyingine huangukia ndani ya kipande cha mtu, ingawa watu huendelea kunywesha humo kwa mazoea. Kabla ya mkutano wowote nenda ofisi ya msajili wa ardhi ukafanye upekuzi wa hati. Ni karatasi moja tu. Ikiwa ni ardhi ya umma, ombeni barua ya kaunti inayoitambua silanga na haki ya watu kuitumia. Ikiwa ni ya mtu binafsi, jueni kwamba kila shilingi ya mfadhili na kila wilbaro ya tope mliyoisukuma inapandisha thamani ya ploti yake, na siku akipata mnunuzi mtakuta lango na mbwa. Mwombeni akubali kwa maandishi, mbele ya wakili na chifu, kwamba watu na mifugo watapita kwenda majini hata ardhi ikiuzwa. Asipokubali, tafuteni silanga nyingine ya kufufua.

Sasa wazee. Wamenuna, na wana haki ya kununa. Maji hayo yameokoa ng'ombe wao katika ukame ambao wewe umeusoma tu. Wameona mpaka wa malisho yao ukisogezwa na kila nyumba ya mawe inayoota, ikiwemo ya wazazi wako, na leo wanasikia kwamba hata silanga imepata wenyewe wapya. Usiende kwao na fulana wala na mgeni. Nenda na mwenzako aliyezaliwa kwenye boma la hapo, mkiwa na sukari na majani ya chai, mkae chini, na uulize kabla ya kueleza lolote. Nani aliichimba? Maji yalikuwa yakiingilia upande gani? Ng'ombe walinyweshwa wapi na watu walichota wapi? Ni nani aliyekuwa akiamua zamu wakati wa kiangazi? Andika wanayosema. Hapo utapata maarifa ambayo mhandisi wa Nairobi hatayapata kwa vifaa vyake, na wao watajua kwamba hukuja kuwapokonya. Kisha waendee akina mama peke yao, wale wale waliokuwa wakiwaletea chai, maana ndio wanaobeba mitungi, na wengi wao hawatasema yote mbele ya waume zao.

Kutoka hapo undeni kamati ambayo kila upande utajiona ndani yake: wazee, akina mama, morani, na nyinyi wa ploti. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10 na katiba, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo ndiyo inayosajili. Ulizeni pia kama eneo lenu lina chama cha watumiaji wa rasilimali za maji, kile kinachotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, ili msijikute mnafanya kazi moja vikundi viwili vinavyogombana. Wewe usiwe mwenyekiti na mweka hazina kwa pamoja. Afadhali usiwe hata kimoja. Mtu aliyeanzisha kitu akikubali kuwa mwanachama wa kawaida, wenye wivu hukosa la kusema.

Kuhusu tingatinga nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo haraka hupoteza watu. Nenda ukingoni mwa silanga kiangazi, chukua bonge la tope lililokauka ulivunje kiganjani. Utaona tabaka jembamba la mchanga, juu yake udongo mweusi, tena mchanga. Kila tabaka ni mvua iliyoshuka na ardhi ya mtu huko juu. Basi kabla hamjachimba hata futi moja, fuateni makorongo kwa miguu hadi yanakoanzia. Kwa kawaida mtakuta barabara isiyo na mfereji, njia ya ng'ombe iliyolika, machimbo ya mawe, au mahali gari la kufyonza majitaka linapomwaga mzigo wake usiku. Makorongo yazibeni kwa mawe na nyasi, na mahali maji yanapoingilia chimbeni kidimbwi cha kunasa tope, mtakachokuwa mkikisafisha kwa majembe kila kiangazi. Anayemwaga majitaka mripotini kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa afisa wa afya wa kaunti, mkiwa na picha na namba ya gari. Kazi yote hiyo mnaweza kuianza Jumamosi ijayo bila senti ya mtu.

Ziwa Victoria lilitufundisha hilo la kuanzia kwenye chanzo kwa gharama kubwa. Gugumaji liliposonga maji ya Kisumu miaka ya 1990, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulileta mashine za kulikatakata na wadudu wa kulila. Likapungua sana. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 likarudi, kwa kuwa mbolea ya mashambani na majitaka ya mijini viliendelea kuingia ziwani na kulilisha.

Tingatinga lenyewe mtalihitaji, maana tope la miaka mingi halitaisha kwa wilbaro. Lakini msikubali mkandarasi anayelipwa kwa wingi wa udongo anaoutoa. Huko kwenu udongo mweusi wa mfinyanzi ndio unaoshikilia maji, na chini yake mara nyingi kuna mawe na changarawe. Akilitoboa tabaka hilo, silanga itajaa Aprili na kuwa tupu Juni, na mtaishi kumlaani. Kina kipimwe kwanza kwa vishimo vidogo vya majaribio, kuwe na njia ya maji ya ziada iliyojengwa kwa mawe, na kazi ifanywe kiangazi, mapema kabla ya mvua. Sheria ya mazingira ya 1999 pia inataka kibali kabla ya kuchimba mtoni, ziwani au kwenye ardhi oevu, kwa hiyo muulizeni mfadhili nani atafuatilia karatasi za NEMA na za Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Jina lenu lisije likawa ndilo lililoandikwa kwenye kosa la mwingine.

Miche: ulizeni ni ya mti gani. Miaka ya 1980 mradi wa serikali na FAO ulipanda mathenge karibu na Ziwa Baringo ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Mti ukaenea ukafunga malisho, ukaziba njia za kwenda majini, na maganda yake matamu yakaoza meno ya mbuzi. Wailchamus wa huko walipokwenda mahakamani Nairobi walimbeba mbuzi aliyeng'oka meno kuwa ushahidi. Kwenu nyasi za asili zitazuia tope kuliko miche mingi ya kupigiwa picha, na wazee wanajua ni zipi zilizokuwa zikiota hapo.

Ua wa waya kuzunguka silanga yote ukataeni kabisa. Tuala iko jirani na mbuga, na wanyama wanapita hapo kutafuta maji. Mifugo nayo ikifungiwa nje, waya utakatwa wiki ya kwanza na wakatao watakuwa na haki. Kinachofaa ni mabirika ya kunyweshea yaliyojengwa chini ya ukingo, maji yakishuka kwa bomba, ili kwato zisikanyage kingo, na upande mmoja ulioachwa wazi wenye mteremko wa mawe kwa wanyama wa porini. Akina mama wapate sehemu yao ya kuchotea, mbali na ng'ombe.

Shilingi 500 zimekugusa moyo, naona, na mimi zimenigusa. Posho ya siku ikishaingia, kazi ya Jumamosi inageuka kibarua, na kibarua hukoma pamoja na malipo. Umeshaanza kuliona hilo hata kabla pesa hazijaja. Lakini siwezi kukuambia kwamba vijana wasio na ajira wasukume tope bure huku mhandisi akilipwa na dereva wa shirika akilipwa. Kutumia nguvu za vijana bila malipo na kuziita ushiriki ni dhuluma. Pendekeza hivi: kazi ngumu inayopimika, kama kujenga mabirika, kuvunja na kupanga mawe, au kutoa tope kwa mita za ujazo, ilipwe kwa bei iliyokubaliwa hadharani, na orodha ya waliolipwa ibandikwe penye ofisi ya chifu. Mikutano na semina zisilipwe hata senti. Jumamosi ibaki ya wanachama, bila posho, na asiyehudhuria Jumamosi asiingie kwenye orodha ya vibarua. Wale wageni wanaotaka kuandikishwa watajichuja wenyewe. Omba pia kitu kitakachobaki mikononi mwa vijana: mmoja afundishwe kupima ardhi, mwingine uashi, mwingine utunzaji wa vitabu vya hesabu, kwa cheti kinachotambulika. Msichana akiwa fundi mwashi wa mabirika Tuala, atapata kazi Isinya na Kiserian pia.

Pesa za ng'ambo zinaweza kukaa vizuri na watu, ushahidi upo. Huko Gazi na Makongeni, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 za mikoko na tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya kaboni kwa wanunuzi wa nje. Wataalamu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wa Scotland waliwasaidia kuanza, na bado wapo. Lakini kamati huchaguliwa na wanakijiji, mapato hujadiliwa mbele ya watu, na yamelipia maji na mahitaji ya shule. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Wao walikuwa na vitu viwili ambavyo nyinyi bado hamna: kamati ya kuchaguliwa, na vipimo vyao wenyewe. La pili unaweza kulianza kesho. Chomekeni katikati ya silanga mti wenye alama kila sentimita 10. Mvulana mmoja na msichana mmoja wausome kila Jumamosi na waandike daftarini tarehe, kina, na kama mvua ilinyesha. Pigeni picha kutoka jiwe lile lile. Baada ya misimu miwili ya mvua mtakuwa na kitu cha kuweka mezani, mkiongea na mfadhili yeyote au na kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi. Kamati hizo zimo katika mpango wa FLLoCA, wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021, na zinatakiwa kuwapa vijana na wanawake viti. Pesa hizo nazo ni za nje, lakini hupitia kaunti, mnapoweza kwenda kuuliza kwa miguu.

Basi jibu wageni wako hivi. Washukuru kwa dhati, kwa sababu walisafiri kuja kuiona kazi yenu wakati wengi wa karibu hawakuiona. Waambie mnahitaji miezi 3 ya kufanya upekuzi wa ardhi, kusajili kamati na kukubaliana na wazee. Ombeni pesa za kazi za hapo ziingie akaunti ya kikundi yenye saini 3, ya mzee, ya mama na ya kijana, na shirika lipewe nakala ya kila taarifa ya benki. Ombeni kumchagua mkandarasi pamoja nao. Ombeni sehemu ya fedha iwekwe akiba ya kutoa tope mwaka wa tatu, wa nne na wa tano. Fulana vaeni tu, hazina neno, ila jina la silanga, lile wanalolitumia wazee, liandikwe juu ya jina la shirika.

Wenye nia njema watakubali kusubiri, na wengi wao hufurahi kupata barua ya namna hiyo. Wakikuambia kwamba fedha lazima zitumike kabla ya mwaka wao wa hesabu kwisha, waache waende. Wenzako wakikulaumu, wasomee barua hiyo yote mkutanoni, neno kwa neno, na uwaonyeshe karatasi ya upekuzi wa ardhi. Uipeleke barua hiyo ikiwa imetiwa saini na mzee mmoja na mama mmoja kabla ya saini yako.